Bwana Onema Anaclet na Mabehewa Yaliyopakiwa Mara Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika stesheni na bandari ya Kindu, Bwana Onema Anaclet, mpanga mizigo wetu, atastaafu tarehe 31 Machi 1957. Wapagazi wameuliza zaidi ya mara moja kama tarehe hiyo ni ya hakika.

Aliajiriwa kubeba magunia kutoka melini hadi kwenye treni. Baadaye alipewa kazi ya kuamua mzigo gani uingie behewa gani, na upi utangulie. Kanuni yake ni moja: kinachoshuka kwanza huingia mwisho. Mzigo wa Kongolo, ulio na safari ndefu, hukaa ndani kabisa; wa Kibombo hukaa mlangoni. Hata mtoto anaielewa. Kinachochosha ni kwamba Onema hakukubali ivunjwe hata kwa debe moja la chumvi. Behewa limeshajaa, migongo inauma, yeye anakuja, anachungulia, anasema kwa sauti ya upole kabisa: "Mutoe yote."

Hata nje ya kazi hakutuacha. Siku ya arusi ya binti yake Claire, tulikuwa tumeshapanda lori, tumevaa vizuri, tumejipaka manukato. Alituteremsha sote vumbini, akatupanga upya kwa kufuata nani anakaa mbali. Mama mkwe wake hakumsalimu mpaka mavuno.

Aliyeteseka zaidi ni Félicien, nyampara wa wapagazi. Alizoea kusema, "Huyu muzee, siku ya kufa kwake, atauliza kwanza nani anashuka mbele." Tulicheka, na Onema alicheka nasi, kisha akatuamuru tupakue.

Mwaka 1951 mke wangu Zaituni alifariki hapa Kindu, alfajiri. Alikuwa mtu wa Kibombo, na aliomba alale karibu na mama yake. Kwa dini yetu ilibidi azikwe siku hiyo hiyo, na njia ilikuwa moja tu: treni ya mizigo ya asubuhi. Félicien na watu wake walilibeba jeneza kwa heshima, wakaliweka ndani kabisa ya behewa, mahali penye utulivu, mbali na vumbi la mlangoni. Mbele yake wakapanga mapipa ya mafuta ya mawese ya Kongolo. Niliwashukuru kwa machozi.

Onema akaja, akachungulia. "Mutoe yote."

"Muzee, leo hapana," Félicien akamwambia. "Leo iko maiti humu."

"Njo maana," akajibu, yaani hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Firimbi ya kwanza ilikuwa imeshalia. Watu walimnung'unikia, mmoja alimwita jiwe. Mimi nilisimama nimeshika kanga ya Zaituni, ya buluu, ambayo bado ilinukia karafuu, na sikuwa na neno jema la kumwambia. Yeye alivua koti, akaanza kuviringisha mapipa. Jeneza likatoka, mapipa yakaingia, jeneza likarudishwa mlangoni.

Kibombo treni husimama kwa muda mfupi tu. Jua lilikuwa limeshainama. Mlango ukafunguliwa, na ndugu za Zaituni wakampokea kabla sijateremka. Kama mapipa yangekuwa mbele yake, tusingewahi kumteremsha, angekwenda Kongolo pamoja na mafuta.

Niliporudi nilikwenda kumshukuru. Aliniuliza kama mlango wa behewa ulifunguka vizuri, au wanapaswa kuutia grisi. Ndivyo alivyo, hata kumshukuru kunachosha.

Sasa anakwenda Kailo kulima mpunga na mkewe, Mama Adèle. Majirani wa huko tunawapa pole mapema.

Bwana Onema, umetuchosha vya kutosha, na tutakukosa. Mungu akupe afya na miaka mirefu. Pokea asante ya wenzako wote, na ya Zaituni, aliyefika kwao kukiwa bado mchana.

Sudi, karani wa mizani