Maneno Yangu Kinywani mwa Erisa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa niaba yetu sisi wachekeshaji, maana mnadhani hatuna la kulia.

Naitwa Eseza. Enzi za utawala wa jeshi, mimi na mume wangu Erisa tulikuwa na mchezo wa kuchekesha kwenye televisheni hapa Kampala. Tuliigiza mke na mume, kwa majina yetu wenyewe. Lakini Erisa wa mchezoni alikuwa mchoyo na mlanguzi, nami nilikuwa mke wa makelele. Kwenye makelele sikuigiza sana! Ila Erisa wa nyumbani, jamani, angekupa shati lake akabaki na fulana.

Watu hawakututofautisha na mchezo. Wauza samaki wa Ggaba walimgombeza, "Ssebo, bwana mukubwa, mbona wewe natesa bibi yako?" Naye, badala ya kujieleza, anaomba radhi! Mimi hoi kwa kucheka.

Kisha sukari ikaadimika mjini. Tukaigiza kwamba Erisa ameficha magunia chini ya kitanda. Kesho yake askari wakaingia nyumbani kwetu Old Kampala, wakapindua kitanda. Chini mlikuwa na ndala zangu tu. "Wewe nahamisha sukari wapi?" wakamwuliza huku wakimpiga, wakamtupa kwenye gari. Ndugu zangu, siku zile mtu akitiwa kwenye gari lile, jamaa zake walikaa matanga bila maiti.

Nilikimbia hadi kambini nikilia, "Ni mchezo! Ni mchezo tu!" Mkubwa wao akaniambia, "Kama ni mchezo, maneno iko kwa kichwa yenu. Cheza hapa. Mkishindwa, bwana yako harudi."

Wakamleta Erisa, uso umevimba. Sasa, katika kazi yetu mimi ndiye niliyekariri. Yeye alikuwa hakariri kitu, akisubiri nimnong'oneze. Siku hiyo nikafungua mdomo, kichwani hamna kitu! Nikaomba moyoni, "Yesu, nirudishie maneno yangu!" Wapi! Mkubwa akaanza kuinuka kitini.

Hapo Erisa akashika kiuno. Kwa sauti yangu mimi, akaanza, "Erisa! Mume gani wewe? Sukari inalala kitandani, mkeo analala sakafuni?" Maneno yangu yote, hata ule mguno wangu wa puani! Kumbe alikuwa akinisikiliza miaka yote. Nikajikuta namjibu kwa sauti yake, nikinung'unika kama mchoyo. Askari wakaangua kicheko. Mkubwa akafuta machozi, akasema, "Hii mutu nasema kama bibi yake kabisa! Hakuna mwizi hapa. Peleka bwana yako nyumbani, mama."

Haleluya! Tulitoka pale tumeshikana mikono, mimi nalia, yeye ananibembeleza, yeye aliyepigwa!

Erisa yule pale, amekaa nyuma. Sikio la kushoto halisikii tangu siku ile, kwa hiyo mkimsalimia mpitieni kulia. Nampenda, ndugu zangu, nasema mbele ya kanisa zima.

Nawe uliyekuja leo huku mtu wako yuko hatarini, mwite Yesu, hata kama huna ombi zuri. Mimi niliomba maneno tu. Akanipa mume wangu.