Bega Si Bawaba

NESI: Haloo? Ni nani? Sauti inakwaruza.

MKE: Mimi, wifi, mke wa kaka yako. Za kazi?

NESI: Nzuri tu. Nani huyo anaguna?

MKE: Kaka yako. Mlango mpya ulimponyoka karakanani, akaudaka kwa mkono mmoja. Bega limechomoka. Hapa sebuleni watu tele, kila mtu daktari.

NESI: Asiguswe—

MKE: Mjomba kashamwekea kisigino kwapani, anasema akivuta tu—

NESI: Mtoe hapo. Nangoja.

MKE: Mjomba, hebu shusha mguu, nesi yuko kwenye simu... Anasema yeye ndiye aliyerudisha kidole cha jirani.

NESI: Kidole kinakunjika na kukunjuka, basi. Bawaba ile. Bega ni mpira ndani ya kikombe, tena kikombe chenyewe kifupi, ndiyo maana mkono unazunguka kote. Mkivuta ovyo mnachana kano zinazoushikilia, na mshipa wa fahamu unapita papo hapo.

MKE: [mkwaruzo] ...kwa hiyo tusivute.

NESI: Msivute. Kwani mlishavuta?

MKE: Sauti inakwaruza, wifi.

NESI: Wifi.

MKE: Mara moja tu. Mwenyewe ndiye aliyetuelekeza. Si unamjua, fundi milango: bawaba ikiachia unaivuta, unaigonga, inaingia. Mimi nilimshika kiuno.

NESI: Haya. Mwambie aangalie ukutani. Mguse juu ya mkono, upande wa nje, chini kidogo ya bega. Polepole.

MKE: Ndiyo.

NESI: Anasikia?

MKE: Anasema nianze.

NESI: Basi anza.

MKE: Wifi, kidole changu kiko hapo tangu uliposema.

NESI: [mbali na simu] Andaeni kitanda cha dharura!

MKE: Haloo? Umekatika?

NESI: Nipo. Ufungeni mkono na shuka hivyo hivyo ulivyo, msiunyooshe. Mto chini ya kwapa. Tafuteni gari sasa hivi. Na mjomba abaki nyumbani.

MKE: Anauliza ataanza lini kupiga randa.

NESI: Nawasubiri getini.

MKE: Ni mkono wa kulia, wifi. Nimjibu nini?

NESI: Harakisheni. Haya, kwaheri, salio langu linakwisha—

MKE: Lakini niliyepiga ni mimi.