Makoti Yasiyo na Wenyewe

Marehemu kaka yetu alikuwa na sharti moja kazini: hakumwandika mtu ambaye nguo yake haikuning'inia msumarini. Alilishika miaka ishirini na sita, akalivunja mara moja. Tunalisema hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisemwe.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa pili kati ya sita wa fundi cherehani na mkewe mkulima. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1972. Walimu walimsifu kwa hesabu; sisi wadogo zake tulimwogopa kwa hizo hizo, maana alihesabu hata vipande vya sabuni.

Tarehe 2 Mei 1973 aliajiriwa na kiwanda cha mablanketi kuwa karani wa mahudhurio. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na misumari mia tisa ukutani, kila mmoja na namba yake. Mfanyakazi alitundika nguo za nyumbani, akavaa ovaroli, akaenda mashineni. Saa nne asubuhi kaka alipita na daftari akihesabu nguo. Wakamwita Misumari.

"Misumari, leo nimekuja bila koti, nitundike nini?" walimtania.

"Tundika ulimi. Huko mashineni hauna kazi."

Alizoea kusema, "Ukitaka kujua hali ya mji, usiwaulize wakubwa. Njoo uone misumari." Alisema kweli. Misumari ilipoanza kubaki mitupu, muuza chai wa langoni alibakiza birika moja kati ya manne, fundi viatu akahama, na vyumba vya mtaa wa nyuma vikakosa wapangaji.

Mwaka 1978 alimwoa mfumaji wa msumari namba 88. Walijaliwa watoto watatu.

Agosti 1999 maofisa wa takwimu za ajira walikuja kukagua viwanda vya mkoa. Waliokuwa kazini siku hiyo ni watu 261. Wengine walikwisha kurudishwa nyumbani, shemeji yetu akiwemo. Meneja aliamuru makoti makuukuu yatolewe ghalani, yatundikwe.

"Mzee, wewe si huhesabu nguo? Basi hesabu nguo. Tukionekana tumekwisha, hata hawa waliobaki watafungiwa mlango."

Kaka aliwahurumia waliobaki. Akahesabu, akaandika 604, akatia saini.

Jioni alimweleza mkewe.

"Na msumari wangu?" shemeji aliuliza.

"Una koti."

"Kumbe niko kazini! Sasa hicho chakula kilicho mbele yako kapika nani?"

Kaka hakula.

Kiwanda kilifungwa Machi mwaka uliofuata, na wale 261 wakaondoka pamoja. Mwaka huo huo serikali ilitafuta mkoa uliopoteza viwanda ili ujengewe chuo cha ufundi. Tuliomba. Jibu lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo: kwa takwimu zilizotiwa saini, mkoa huu una ajira ya kutosha viwandani. Chuo kikaenda mkoa jirani, na viwanda vipya vikakifuata huko. Mficha uchi hazai. Kaka aliandika barua tatu kusahihisha idadi ile. Hakujibiwa hata moja. Aliyeagiza makoti alipata cheo kikubwa zaidi kwingine. Hilo halimsafishi kaka yetu. Mkono ulioandika ulikuwa wake.

Tangu mwaka 2016 alisumbuliwa na kifua, kwa vumbi la sufu alilolivuta miaka yote ile. Alilazwa tarehe 3 Juni 2023. Muuguzi alipomuuliza ana watoto wangapi nyumbani, alijibu, "Nyumbani? Hakuna. Andika hakuna." Muuguzi, aliyewajua wanawe, akasema ataandika watatu, isije ikaonekana vibaya. Kaka akamshika mkono. "Mwanangu, andika unachokiona." Alifariki tarehe 14 Juni, saa tano asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba na ndugu wanne. Mungu amsamehe, ampe mapumziko ambayo hakuyapata tangu ile Agosti.

Idadi ile iliunyima mji huu chuo chake. Yeye ilimnyima watoto: wote watatu wameajiriwa mkoa jirani, na wawili wamenyimwa ruhusa ya kuja kumzika. Amefika mmoja.