Mstari wa Mama Adelaïde

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila mwombe mtu aongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Adelaïde Mukasine wa Bihambwe, kule kwenye milima ya Masisi. Alifariki mwezi wa tisa mwaka huu wa 1969, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Ameacha mume wake, Papa Léonard, na watoto wao. Ameacha pia chama kidogo cha akina mama ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia, kwa sababu hakina hata chumba cha kukutania. Mali yake yote ni mstari mmoja wa maharagi katika shamba la kila mwanachama.

Tuanzie utotoni. Adelaïde alikuwa mtoto wa kwanza wa wakulima. Aliingia shule ya misioni akafika darasa la pili. Hapo mama yake akajifungua mtoto wa kiume, Marcellin, kisha akaugua. Adelaïde akatolewa shuleni ili amlee mdogo wake. Alimbeba mgongoni. Alimtafunia viazi. Marcellin alipofikia umri wa kusoma, dada yake ndiye aliyempeleka mpaka mlangoni mwa darasa, naye akabaki nje.

"Alisimama kwa dirisha mpaka mwalimu akamufukuza," anasimulia binti yake, Béata. "Mama alikuwa anaeleza hiyo akicheka. Lakini akiona mutoto mwanamuke anabaki nyumbani siku ya masomo, hakuweza kupita. Alikuwa anaingia, anauliza: 'Huyu iko mugonjwa? Kama haiko mugonjwa, anafanya nini hapa?' Banamama wengine walikuwa wanamuona kwa mbali, wanafunga mulango."

Wasikilizaji wapendwa, mnakumbuka miaka ile ya kwanza ya uhuru. Mishahara ya walimu ilichelewa, na vijijini ilichelewa zaidi. Huko Bihambwe, Adelaïde akawakusanya majirani zake na kuwaomba jambo moja. Kila mama atenge mstari mmoja wa maharagi shambani mwake, mavuno ya mstari huo yamlishe mwalimu.

Wote walikubali. Ugomvi ulikuja juu ya mahali. Akina mama walitaka mstari uwe pembeni, karibu na njia, pale mbuzi wanapopita wakitafuna. Adelaïde akakataa. Alitaka mstari wa katikati, penye udongo mzuri.

"Katikati njo chakula ya bwana wangu!" akalalamika jirani yake, Mama Jeannette.

"Bwana wako iko na miguu," Adelaïde akamjibu. "Atatembea mpaka pembeni."

Walicheka sana, na mstari ukakaa katikati. Hiyo ndiyo ikawa kanuni ya chama: mstari wa shule ni wa katikati. Kanuni ya pili ilizaliwa yenyewe. Mwanachama akijifungua, au akifiwa na mume, wenzake walikuja kumlimia mstari wa shule. Wakishafika na majembe yao, walione shamba lililobaki limejaa magugu waliache? Walilima lote. Hivyo chama kilichoanza kwa ajili ya mwalimu kikawa pia mkono wa wajane na wa mama waliotoka kuzaa.

Sasa tufike Noeli ya mwaka 1961. Marcellin, yule mtoto wa mgongoni, alikuwa mwalimu tayari. Alipewa kazi mbali, huko Itebero, katika msitu wa Walikale. Mwaka huo alikuja nyumbani likizo. Adelaïde alikuwa anapepeta maharagi uani. Alimtazama mdogo wake akipanda kilima, na hakumtambua mpaka aliposalimu. Alikuwa amekonda, na shati lilimning'inia kama limetundikwa mtini.

Usiku ule, wakila, Marcellin alimweleza dada yake kila kitu. Mshahara haukuja. Wazazi wa Itebero walikuwa watu wa kujitolea, lakini walikuwa na kidogo. Yeye alikuwa amefungua darasa la wasichana, la kwanza mahali pale, na alilifundisha jioni baada ya darasa la wavulana.

"Dada, miye ntamaliza huu mwaka," akasema. "Kisha ntaacha. Siwezi kufundisha na njaa."

"Na wale wasichana?"

"Mwalimu mwingine akikuja, atachukua wavulana. Wasichana watarudi nyumbani. Njo hivyo."

Adelaïde aliacha kula. Papa Léonard anakumbuka mpaka leo. "Aliweka mukono chini, akaangalia moto. Nikajua tu, hii bibi yangu ameisha kuingia katika Itebero, na bado hata hajafunga mulango ya kwetu."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo. Shule ikifungwa mwezi wa sita, darasa la wasichana limekufa. Adelaïde alikuwa na miezi michache tu.

Wanachama wa Bihambwe wakakaa na kuamua. Watawapelekea akina mama wa Itebero mbegu, ili nao walime mistari yao na kumlisha mwalimu wao. Walichagua mbegu bora kupita zote, yale maharagi ya kwao yanayopanda juu ya fito. Walichambua punje moja moja. Kamio, lile lori la misioni, ikaishusha mizigo ile mpaka msituni. Huko Itebero Mama Victorine, ambaye binti yake alikuwa katika darasa lile, akawaongoza wenzake. Walikata miti. Walisafisha mashamba kuzunguka shule. Wakapanda.

Mwezi wa sita Adelaïde na Papa Léonard walifunga safari kwenda kuona mavuno. Walipata lifti ya kamio sehemu ya njia, na sehemu kubwa walitembea. Adelaïde hakuwa amewahi kushuka msituni. Joto lilimshangaza. Usiku alikataa blanketi, yeye ambaye nyumbani alilala na mablanketi mawili na moto.

Walipofika Itebero, kwanza aliona ukuta wa kijani. Maharagi yalikuwa yamepanda fito, yakapita fito, yakafika kwenye paa la shule. Majani yalikuwa mapana kama kiganja. Adelaïde alipiga vigelegele. Kisha akasogea karibu, akafunua majani. Akafunua tena. Hapakuwa na kitu. Maua yalitoka, yakaanguka. Maganda hayakufunga.

Mbegu ya milima yenye baridi ilikuwa imepelekwa kwenye joto la msitu. Katika wote waliochambua punje zile, hakuna aliyefikiria hilo. Kwao maharagi yalikuwa maharagi. Hata Marcellin, mtoto wa Bihambwe, alidhani kosa ni la fito. Kila wiki aliwatuma wanafunzi wakate fito ndefu zaidi.

Adelaïde akakaa chini, palepale kwenye udongo. Mama Victorine akaja na kusimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mama wa milima, karibu kwetu. Ulitutumia maharagi ao mboga?"

"Tunauliza tu," Victorine akaendelea. "Kwa maana tunakula majani tangu siku mingi. Mwalimu wenu akikohoa, tunasikia mbuzi."

Wanawake wakaangua kicheko. Papa Léonard naye akacheka, akijificha. Adelaïde aliinua uso, na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mdomo ulikuwa umeanza kucheka pia.

"Musinichekee, banamama," akasema. "Kosa ni ya kwetu. Muliumia na kulima bure. Na ndugu yangu anaenda."

Ni kweli, alikuwa anakwenda. Sanduku la Marcellin lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Wasichana walikuwa wamekaa kando yake kama watu wanaolinda mgonjwa.

Victorine alipoona Adelaïde analia kweli, akachutama karibu naye. Sauti yake ikabadilika.

"Dada, kwenu muhogo inakuwa namna gani?"

"Inakawia sana. Baridi inaikataa."

"Na mawese?"

"Mawese tunaiona kwa soko, kwa chupa. Mama aliyezaa anaitamani, anaikosa."

Victorine akawageukia wenzake. "Munasikia? Sisi tunaoga na mawese hapa, na hawa wanaitamani. Hawa wanalala juu ya maharagi, na sisi tunalima majani." Akamrudia Adelaïde. "Muache kutuletea mbegu. Mupande kwenu kule kwa baridi, mutuletee ya kukula. Sisi tutawapandishia mawese na unga ya muhogo. Mwalimu wetu atakula maharagi. Wa kwenu atakula bugali yenye mafuta."

Basi, wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kila mavuno, maharagi ya mistari ya Bihambwe yalishuka na kamio ya misioni. Mawese na unga wa Itebero vilipanda. Wakati wa vita vya uasi, njia ilipofungwa, mizigo ilikaa ikingoja, na akina mama wengine waliibeba kwa kamba ya kichwani mpaka pale walipoweza kufika. Sehemu ya mawese ilikwenda kwa kila mama aliyejifungua katika kilima cha Bihambwe. Hiyo nayo ikawa kanuni.

Na lile sanduku? Marcellin hakulifungua mwenyewe. Maneno ya Victorine yalipokwisha tu, wasichana walikata kamba. Mmoja akachukua sufuria, mwingine blanketi, mwingine viatu, wakavirudisha ndani ya nyumba mwalimu akiwafokea. Mpaka leo Marcellin yuko Itebero. Mpaka leo darasa la wasichana liko. Baadhi ya wale wa kwanza wanafundisha wadogo.

Tumefika mwezi wa tisa mwaka huu. Mama Adelaïde alishikwa na kifua, na hakukaa nacho siku nyingi. Alizikwa Bihambwe. Akina mama wa chama wakajaa nyumbani kwa Papa Léonard kwa kilio.

Wanaotoka katika milima ile wanajua desturi. Mtu akifa, kilima chote kinaweka jembe chini mpaka siku za kilio ziishe. Kulima wakati huo ni kusema umefurahia kifo. Na wazee wanaonya kwamba mvua ya mawe itakuja kupiga mashamba ya wote.

Lakini mvua nzuri ilikuwa inanyesha, na ndiyo siku za kupanda. Mstari wa shule ukikosa mvua za kwanza, hakuna maharagi ya kushuka Itebero. Akina mama waliijua hesabu hiyo. Walikaa kwenye mikeka, wakasikiliza mvua. Nani aseme? Nani aguse jembe mbele ya mume aliyefiwa?

"Tulikuwa tunaogopa hata kuangaliana," anasema Béata. "Kila mumoja alijua mwenzake anawaza nini."

Papa Léonard aliamka asubuhi, akapita katikati yao. Akalichukua jembe la mke wake nyuma ya mlango. Mzee mmoja akamshika mkono.

"Léonard! Unatafuta mvua ya mawe?"

"Ikikuja," akasema Papa Léonard, "ianze kwa shamba yangu."

Akaenda. Alilima mstari mmoja, ule wa katikati, akapanda, akaacha. Hakugusa kingine. Jembe akalifuta kwa majani, akarudi kukaa kwenye kilio.

Mama Jeannette ndiye aliyesimama kwanza. Kisha wote. Asubuhi ile, mtu aliyepita njiani aliona jambo ambalo Bihambwe haijawahi kuonyesha. Mashamba yote yalikuwa yamelala, kimya, katika kilio chake. Na katikati ya kila shamba, kutoka kilima mpaka kilima, mstari mmoja mweusi wa udongo uliogeuzwa upya.

Mvua ya mawe haikuja. Maharagi yamefunga maganda.

Kwa Papa Léonard, kwa Béata na ndugu zake, kwa Mwalimu Marcellin huko Itebero: poleni. Poleni sana. Mama Victorine alimpa dereva wa kamio salamu, naye ametufikishia. Anasema wanawake wa Itebero wamelia, na wameisha kulia, sasa wanakamua mawese. Mungu ampokee Mama Adelaïde, awape ninyi nguvu.

Nawe unayetusikiliza, usikimbilie kulala. Fikiria kidogo. Kuna mtoto wa kike, jirani yako, aliyebaki nyumbani leo wenzake walipokwenda shuleni. Unamjua kwa jina. Kesho asubuhi, kabla ya shamba, pita kwao. Ingia. Uliza kama ni mgonjwa.