Mawe ya Mzee Machage na Baa Isiyo na Spika

Sogeeni, sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye kashata mdomoni ameze kwanza, mwenye simu aizime, maana haya nayasema kwa sauti ndogo na sitayarudia. Mimi nauzaga kahawa Mwigobero, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi hiyo birika lilikuwa limejaa, na mbele yetu limesimama lori tupu lililotoka Bunda na mwanangu wa pili, Enoka. Alikuja kunichukua twende Butiama tukabomoe nyumba ya marehemu baba yake, Mzee Machage. Nyumba yenyewe ilishabaki kuta za mawe tu, paa lilienda na upepo. Enoka anajenga Bunda, mitaro ya msingi iko wazi na mvua zinanukia, akayataka yale mawe. Lakini kwetu nyumba ya marehemu haibomolewi hivi hivi. Kifungua mimba atamke kwanza, halafu mjane atoe jiwe la kwanza kwa mkono wake. Mjane ndiye mimi, nilishajifunga kanga ya kazi. Kifungua mimba ni Hezron, naye alikuwa Ayalandi. Alimfuata mkewe Ursula, nesi huko, wakachukua likizo wanazunguka nchi. Tukawa tunasubiri simu ya Enoka ilie.

Ikalia. Enoka akaitazama, akajipiga paja.

— Mama, huyu mtu mzima kweli? Namuuliza mawe, ananitumia mawe!

Gody akainyakua simu. Huyu tunamwitaga Madini, alichimba dhahabu miaka mingi, akarudi na kofia ya kazi tu.

— Ebu tuone. Kha! Kanisa halina paa! Na shemeji Ursula kasimama katikati anacheka, makaburi kila upande!

— Lete hapa, akasema Pastory. Yeye ni Katekista, alifundisha dini mpaka sauti ikakauka. Akaitazama picha, akasema: Hii ni nyumba ya watawa wa zamani. Kaandika hapa chini, ina miaka zaidi ya mia nane.

— Miaka mia nane hawajapata bati?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Madini. Ndiyo maana paa limevunjika.

— Guu na paa wapi na wapi, Katekista?

— Wewe kunywa kahawa.

Enoka hakucheka. Alikuwa anatembea kutoka benchi mpaka kwenye lori, na kurudi. Ndani ya lori dereva Bernado kaweka miguu juu ya usukani.

Simu ikalia tena. Picha ya mnara wa mawe, mrefu, mwembamba kama bua la muhindi, na mlango wake uko juu, mtu hafiki bila ngazi.

— Hapo sasa! Madini akasimama. Mlango juu! Mtu anayeweka mlango juu anaficha nini?

— Watawa walikuwa wanakimbia maadui, wanapanda, wanavuta ngazi, akasema Katekista.

— Wanavuta ngazi na dhahabu! Sikilizeni. Mjerumani alificha mali zake huku kwetu, sivyo? Alijifunzia wapi? Kule! Yale magofu hayabomolewi kwa sababu chini kuna sanduku. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale wameacha ufa makusudi, wapate pa kupitia.

— Mjerumani na Ayalandi ni nchi mbili.

— Kwani mali inajua mipaka? Enoka, mdogo wangu, kabla hujapakia yale mawe ya Mzee, nikachimbe kidogo pale kwenye kizingiti.

— Ukikanyaga pale na sururu, akasema Enoka, nitakuzika kwenye hilo shimo.

Madini akakaa. Nikamimina vikombe, kahawa ikamwagikia kwenye mkaa ikatoa harufu ya kuungua. Nililala ndani ya zile kuta tangu nikiwa mwari. Mnadhani kutoa jiwe la kwanza ni sawa na kutoa chungu jikoni?

Simu ya tatu ilikuwa video. Baa. Lakini baa gani hiyo! Wazee na vijana wamezunguka meza moja, wana vinanda vya begani na filimbi za mti, bia iko katikati, wanapiga huku wametazamana wenyewe.

— Wateja wamepewa mgongo, akasema Madini. Na spika ziko wapi?

— Hakuna spika.

— Baa haina spika! Basi wamegombana na mwenye baa, kawazimia umeme.

— Mbona taa zinawaka?

— Haba na haba hujaza kibaba, Katekista. Kaanza na spika, taa zitafuata.

Mara muziki ukakoma. Mzee mmoja akafumba macho, akaanza kuimba peke yake, taratibu, bila chombo. Na mwanaume wa pembeni akamshika mkono, akawa anauzungusha polepole, kama mtu anayesaga mtama akiwa amechoka.

— Huyo anakata roho, akanong'ona Katekista. Mwenzake anamsindikiza.

— Anakata roho huku anaimba?

— Ndiyo kifo chema hicho.

— Basi wamemleta Hezron ashuhudie, awe wa kubaki! Madini alishapaa. Wanatafuta watu wa kulinda yale makaburi. Ursula atapewa jiko, Hezron atapewa ufunguo wa mnara. Mama Hezron, mwanao harudi!

— Gody, nikamwambia, funga hilo domo, hii ni kahawa, siyo gongo.

Enoka akanijia, akachuchumaa mbele yangu. Macho yake mekundu.

— Mama, twende tu. Mke wangu Rhobi na watoto wanalala chumba kimoja. Mvua ikishuka mitaro inajaa. Kaka hataki kusema, anastarehe.

— Bila neno lake sigusi jiwe.

— Na asiposema?

Nikachochea mkaa. Ndipo simu ikalia mara ya nne. Ujumbe wa sauti ya Hezron. Enoka akaiweka juu ya benchi, tukainamia wote.

"Shikamoo Mama. Enoka, samahani, jana sikukujibu. Kwenye ile baa mwimbaji akimaliza anamtajaga mwingine aimbe. Yule mzee akanitaja mimi. Wakanyamaza wote, hata mwenye baa akaacha glasi. Nikasimama nikaimba ule wimbo wa Baba, aliokuwa anaimba akipanga mawe. Nikaimba mstari wa kwanza, nikaimba wa pili. Wa tatu haukuja. Ursula akanishika mkono kama walivyofanya wao, bado haukuja. Wakasubiri. Hakucheka mtu. Nikakaa. Mimi nilikuwa shule, Enoka, wewe ndiye uliyembebea mawe. Kuhusu nyumba, neno langu ni hili: bomoa, unajenga, una watoto. Lakini kwanza niambie, mstari unaofuata ni upi?"

Basi. Neno limetoka. Nikakaza kanga, nikainuka. Magoti yakalia.

Enoka hakuinuka. Kaangalia ile simu. Halafu akaanza, kwa lugha ya nyumbani, mimi nawageuzia:

— Jiwe lala, mwenzio anakuja.

Mkono wake ukanyooka hewani, kiganja chini, kama anaweka kitu. Ukapanda kidogo.

— Lala vizuri, usimwangushe.

Ukapanda tena.

— Mgeni akifika, akute…

Mkono ukabaki pale juu.

— Akute nini? akauliza Madini, pole kabisa.

— Subiri. Kila kozi, yaani kila safu ya mawe ukutani, ilikuwa na maneno yake. Mzee hakuwahi kuyachanganya. Hii ni kozi ya dirisha. Pale kuna jiwe jeusi, limekaa kiubavu. Nikiliona… Akaushusha mkono. Ningekuwa pale, nikaliona, ningejua.

Mlango wa lori ukagonga. Bernado akashuka anajinyoosha, hajasikia chochote.

— Shikamoo Mama. Enoka, wamekubali? Haya, nijue mapema: tukifika tunaanza kupakia kozi ipi?

Swali dogo tu la dereva. Katekista akaangalia ziwa. Madini akavua ile kofia yake. Mimi nikalitikisa birika kumpa mgeni kahawa, likatoa machicha.

Enoka akanishika mkono, akanipandisha kwenye lori. Butiama tulifika. Aliweka kiganja kwenye lile jiwe jeusi akaimba mpaka juu ya dirisha, simu imefunguliwa, Hezron na Ursula wanasikiliza huko walipo. Sikutoa jiwe, maana kuta zikienda na wimbo unakwenda nazo. Lori lilirudi Bunda tupu, na mvua ikaijaza ile mitaro kweli. Rhobi alinuna msimu mzima, na ana haki.

Sasa mjue nani kabaki na nini. Enoka amerithi kuta, na msingi wa Bunda aliujenga kwa mawe ya mlimani aliyoyapasua mwenyewe, anaimba. Hezron amerithi wimbo, na siku hizi anasimama anauimba mpaka dirishani. Ursula amerithi kuushika ule mkono. Madini kaachiwa hamu ya kile kizingiti, hajakigusa. Na mimi nimerithi kozi ya juu kabisa, ile iliyoanguka na paa. Maneno yake hakuna anayeyajua. Nikichochea mkaa naiimba kwa pua tu.