Mama Mkude, Aliyezishuku Tuzo Zetu Zote

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Efrazia Mkude anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu ya Visiga kwa miaka ishirini na miwili. Tangazo lilipobandikwa ubaoni, wengi wetu tulilisoma mara mbili. Yeye mwenyewe alilisoma, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi kumuuliza kama kuna jambo analofichwa.

Kabla ya kuja hapa alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Dutumi. Husema ualimu ndio uliomharibu. Ukishasahihisha insha za darasa zima, ukakuta watoto wote walikwenda mbugani likizo, na wote walimwona simba yuleyule amelala chini ya gari lilelile, huwezi tena kumwamini binadamu kirahisi.

Alipoajiriwa, kazi yetu kubwa ilikuwa kurekodi harusi na kipaimara. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba tutengeneze kipindi chetu wenyewe, na ndivyo kilivyozaliwa *Kaimu wa Kudumu*, kichekesho cha ofisi ya kata ambayo mtendaji wake amekaimu mpaka watoto wake wamemaliza chuo. Amekuwa prodyuza wake tangu msimu wa kwanza hadi leo.

Uteuzi wetu wa kwanza wa Tuzo za Cheko nusura utupite. Simu iliita, mtu akampongeza kwamba kipindi kimeteuliwa kuwania Kichekesho Bora. Mama Mkude akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Na sasa utaniambia ile hela niitume kwenye namba hii." Akakata. Ya pili akaikata pia. Ikabidi waandaaji wamtume mtu kwa gari mpaka Visiga. Alisimamishwa getini, akadaiwa kitambulisho, akaulizwa jina la mke wa Kaimu.

"Mke wa kwenye kipindi au wa kweli?" yule bwana akauliza.

"Mfungulie," Mama Mkude akamwambia mlinzi. "Tapeli asingeuliza hivyo."

Mwaka ule tulishinda. Jukwaani alisema maneno machache tu: "Asanteni. Tutachunguza sababu." Ukumbi mzima ukacheka, ukidhani ni utani. Jumatatu tuliitwa kwenye kikao cha kuchunguza sababu.

Tangu hapo kabati la mapokezi limejaa. Kichekesho Bora imekuja tena na tena; Rama, anayeigiza Kaimu, amepata Mwigizaji Bora wa Kiume; hata fundi wetu wa sauti aliteuliwa, akakosa, akateuliwa tena. Kila tuzo inapofika, Mama Mkude huigonga kwa ukucha na kuisikiliza, kama mnunuzi wa nazi.

Lakini mimi ninayeandika haya, Yasinta, nina kisa kimoja ambacho hakimo kwenye kabati. Ni cha mwaka wa uteuzi mwingi kuliko miaka yote, ambapo jina langu lilikuwemo kwa mara ya kwanza, katika kipengele cha Skripti Bora ya Kubuni. Hajira, mhudumu wetu wa ofisi kwenye kipindi, naye aliteuliwa kuwania Mwigizaji Bora wa Kike baada ya kupitwa misimu yote.

Sehemu yangu iliyoteuliwa ilimhusu mkulima aliyeingia ofisi ya kata kupeleka shida yake. Anamkosa mtendaji, anakaa kwenye kiti pekee kilichopo, na watu wanaofika baada yake wanamdhania yeye ndiye mtendaji. Wanamweleza mashauri yao. Anaona haya kuwakatiza, basi anawasuluhisha. Jioni mtendaji anaporudi anakuta foleni imefika barabarani, na wananchi wanamwambia asiruke mstari.

Wiki moja baada ya majina kutangazwa, Rama alirudi kutoka Kisarawe na habari. Mtu mmoja huko stendi alimwambia kwamba hadithi ile ni ya zamani, iliigizwa na kikundi cha usharika miaka mingi iliyopita, vilevile ilivyo. Habari ilizunguka studio kabla chai haijapoa. Nikiingia chumbani, mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa. Kanuni za tuzo zilikuwa wazi: skripti ikigundulika imeibwa, kipindi kizima kinaondolewa. Hajira aliacha kunisalimia.

Mama Mkude aliniita.

"Hii hadithi umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwa cha nani?"

Nilikasirika, nikajibu kwamba ni changu. Sikuwa nikidanganya, angalau sikujiona hivyo. Ni kisa ambacho marehemu babu yangu, Mzee Maneno, alikuwa akitusimulia tukiwa wadogo. Hakuna aliyekiamini. Bibi ndiye aliyekicheka zaidi, kwa kicheko kisichokuwa na furaha. Siku hiyo, alisema bibi, kabla hawajahamia Dutumi, wakikaa kijiji kimoja cha Kisarawe, babu aliondoka na baiskeli na kurudi usiku kwa miguu, akidai imeibwa sokoni na kwamba alichelewa kwa sababu alikuwa akiamua kesi za watu ofisini. "Baiskeli ile ilinywewa," bibi alikuwa akituambia, na babu alikuwa akisikia. Kwangu mimi kilikuwa kichekesho cha familia, uongo mzuri wa mzee wetu.

Siku ya pili Mama Mkude akaniambia twende Kisarawe kukagua mahali pa kupigia picha. Tulipita njia ya Kiluvya. Nilijua hatukagui mahali, bali mimi ndiye ninayekaguliwa.

Mzee Yona, aliyekuwa kiongozi wa kile kikundi, tulimkuta kibarazani kwake akibangua korosho. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuketisha. Mama Mkude hakumwambia sisi ni nani. Alimwomba tu atusimulie mchezo wao wa mtu wa kwenye kiti. Mzee akausimulia. Kila alipofika mahali nilipopafahamu, na nilipafahamu pote, nilihisi macho ya Mama Mkude shavuni kwangu. Nikaanza kujishuku mwenyewe. Labda babu naye aliuona mchezo huu, akaufanya wake.

Mzee Yona alipomaliza akanitazama. "Na wewe binti ni wa nani?"

"Yasinta Petro Maneno."

Mikono yake ikaacha korosho. "Maneno yupi? Maneno wa kwenye kiti?"

Mtu mwingine angefurahi na kuishia hapo. Mama Mkude alishuku kwamba mimi na mzee tumepanga. Alinituma uani kwa mke wa mzee, akabaki na mzee peke yao. Kisha akaja kwangu, sauti chini.

"Babu yako alipokuwa amekaa kwenye kile kiti, alishika nini mkononi?"

Kwenye skripti yangu nilimpa mwavuli. Kwenye mchezo wa usharika hakushika kitu. Lakini babu, kila alipotusimulia, hakuwahi kukosea.

"Pampu ya baiskeli," nikasema. "Ndiyo aliyoachiwa na mwizi. Alikuwa amekwenda kutoa taarifa."

Mama Mkude akanishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mzee naye kasema pampu."

Mzee Yona alikuwemo kwenye foleni ile. Alikuwa amegombana na shemeji yake juu ya mbuzi, na babu aliwapatanisha, pampu ikiwa mapajani. Ndiyo sababu baadaye aliutunga ule mchezo. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Kisa kilikuwa cha kweli, na kila mmoja alikichota upande wake.

Nilidhani tumeshinda. Njiani kurudi Mama Mkude akasema ataliondoa jina langu kwenye kipengele.

"Lakini sikuiba."

"Hukuiba. Ila hukubuni pia. Wao wanataka ya kubuni."

"Nani atajua, Mama?"

"Mimi, wewe na Mzee Yona. Tayari ni wengi."

Nililia kutoka Kiluvya mpaka getini. Aliwaeleza waandaaji ukweli wote. Skripti ikaondolewa, mengine yakabaki. Usiku wa tuzo Hajira aliitwa Mwigizaji Bora wa Kike. Alipanda jukwaani viatu mkononi. Mimi nilipiga makofi kama wengine, na kwa majuma kadhaa sikumsalimia Mama Mkude ila pale adabu iliponilazimisha.

Hakunibembeleza. Jumapili moja, baada ya misa, alifika nyumbani kwetu, Mzee Yona akiwa kiti cha mbele cha gari. "Bibi yako yuko Dutumi bado?" akaniuliza. "Panda."

Bibi alitupokea kwa mashaka, kwani wageni wasiotoa taarifa si kawaida yake. Mzee Yona akajitambulisha, akaeleza foleni, mbuzi, shemeji, na yule bwana mpole wa kwenye kiti. Bibi alisikiliza akipepeta mchele, uso haubadiliki.

"Na baiskeli?" akauliza mwishoni.

"Iliibwa sokoni, mama. Soko zima lilijua. Tulimsaidia kuitafuta hadi giza likaingia."

Ungo ukasimama. Kuku walikuja wakadonoa mchele pembeni, hakuwafukuza.

"Sasa naye," bibi akasema taratibu, "si angesema."

Nikajibu mimi, kwa kuwa mimi ndiye mjukuu. "Alisema, Bibi. Alisema kila siku."

Aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga safi. Alichukua ufagio akaelekea nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mumewe, na alituomba tusimfuate. Tulisikia anafagia. Baadaye tukasikia anazungumza, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemweleza mwenzake yaliyotokea sokoni.

Mama Mkude alikuwa ameketi kando yangu kwenye mkeka. Nilirudi kumsalimia kuanzia siku hiyo.

Sehemu ile inaporushwa sasa, mwanzoni huandikwa: Kisa cha Mzee Maneno, wa Kisarawe. Mama Mkude ndiye aliyeagiza maneno hayo yakae kabla ya jina la kipindi.

Anasema akistaafu atafuga kuku na kulima ufuta. Kwa niaba ya wenzangu wote wa studio, Mama, ahsante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kukataa kuamini nusu ya jambo. Mungu akupe afya, mvua za wakati wake na majirani wakweli. Nenda ukapumzike vizuri. Sisi tunakupenda, na hilo unaruhusiwa kulichunguza.