Mapindo ya Bibi Odete

Wasikilizaji wapendwa, poleni na majukumu ya wiki nzima. Sauti yangu leo inakwaruza, mnisamehe. Jana nilikuwa msibani Nambalapi, kijiji kidogo jirani na Mahurunga, huku kwetu kwenye bonde la Ruvuma. Nimerudi na vumbi kooni, na uchovu ambao hautokani na safari. Utatoka kidogo nikishawasimulia.

Leo tunamkumbuka Bibi Odete Nangonga, kungwi wa Nambalapi. Alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka kama sitini na saba. Nasema "kama" kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika. Mwanamke aliyejua umri wa kila binti wa kijiji kile, wa kwake tunaukisia. Haya basi, tuanze mwanzo.

Bibi Odete alianza ukungwi mwaka themanini na nne. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, kina mama walimpelekea mabinti zao awafunde. Na alikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na mjadala. Mama akimleta binti, asimame mbele ya wenzake wote, aseme kwa sauti: huyu ni nani, nimemzaa wapi, nimemzaa mwaka gani, msimu gani. Mabinti wengine wanasikia. Mama anayeguna guna anarudishwa nyumbani akajipange.

"Mama alikuwa anasema mtoto haingii unyagoni na uongo," aliniambia Francisca, binti yake wa pekee. "Ukidanganya pale, hata ngoma haikubali."

Siku ya kutoka nje, mabinti walivaa khanga za sare, doti moja kwa kila mmoja. Bibi Odete naye alipewa yake. Basi yeye alikuwa akichana pindo la khanga ile, anafunga fundo moja kwa kila binti, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, kisha analiweka sandukuni juu ya lile la mwaka uliopita. Kama mwaka huo ngoma haikuchezwa, kwa njaa au kwa ugonjwa, aliweka kipande cha marikani nyeupe, bila fundo. Hakuruka mwaka hata mmoja. Hadi anaacha kazi, sanduku lilikuwa na vitambaa thelathini na nane, na juu yake mafundo mia mbili na kumi na sita.

Bibi Odete hakujua kusoma. Hayo ndiyo yalikuwa maandishi yake.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka mmoja mto ulifurika. Maji yaliingia ofisi ya kijiji yakakaa siku nne. Daftari la wakazi likawa uji. Siku hiyo hakuna aliyelia, watu walikuwa na mihogo ya kuokoa. Kilio kilikuja baadaye, pale kila jambo lilipoanza kudai karatasi. Unataka kusajili laini ya simu, leta kitambulisho. Unataka kuandikishwa upate salfa ya mikorosho, leta kitambulisho. Unataka kitambulisho? Leta cheti cha kuzaliwa. Unataka cheti? Leta uthibitisho kutoka daftari la kijiji. Daftari liko wapi? Limekwenda na maji.

Asia, mtendaji wa kijiji, alikuwa mgeni kazini. Alipigwa danadana miezi mingi, ofisi hii mpaka ile, hadi mwanamke mmoja akamwambia: "Mtendaji, mbona unahangaika? Sisi wote tumefungwa kwa Bibi Odete."

Ndivyo Bibi Odete alivyopanda bodaboda kwa mara ya kwanza kwenda mjini, na sanduku mapajani.

Pale ofisini alikuwepo karani mmoja anaitwa Idrisa. Nimezungumza naye, na ameniruhusu nimtaje. Anakiri kwamba alicheka.

"Nilimwambia, bibi, hapa tunapokea nyaraka, hatupokei matambara," alisema Idrisa. "Akaniangalia tu. Akasema, haya, nitajie mwanamke yeyote wa Nambalapi ambaye mwaka wake unao humo kwenye makabati yako."

Idrisa alikuwa na jina moja, la mwanamke aliyezaliwa hospitali na mwenye kadi ya kliniki. Akamtaja. Bibi Odete akafungua sanduku, akahesabu vitambaa kutoka juu kwenda chini, akichezesha midomo. Akafika kwenye pindo jekundu, akashika fundo la tatu. Akataja mwaka, akataja msimu, akamaliza kwa jina la mama mzazi. Idrisa akaangalia kadi. Hakucheka tena.

Tangu hapo Bibi Odete akawa shahidi. Asia anaandika barua, Bibi Odete anaapa, Idrisa anagonga muhuri. Miaka mitano hiyo, wasikilizaji, kiguu na njia. Anaamka alfajiri, anakaa kwenye benchi la ofisi mpaka adhuhuri, anaambiwa mtandao hakuna, njoo kesho. Njoo kesho! Neno hilo lingekuwa chakula, watu wa vijijini tungekuwa wanene wote. Hakupokea hata nauli ya mtu asiyekuwa nayo. Magoti yalivimba. Francisca alimkandia kwa maji ya chumvi, na keshokutwa yake akapanda bodaboda tena. Kati ya mabinti wake mia mbili na kumi na sita, mia moja themanini na watano wakawa wameshapata vyeti, wengi wao kwa kiapo chake. Wakabaki thelathini na mmoja.

Ndipo likaja jambo.

Asubuhi moja Idrisa alimpokea kwa uso wa mtu mwenye habari mbaya. Utaratibu ulikuwa umebadilika pale ofisini. Shahidi anayeapa sasa lazima naye awe na namba ya kitambulisho. Bibi Odete hakuwa na namba. Hakuwa na cheti. Hakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake, tangu azaliwe.

Idrisa akaona ni jambo dogo. Alichukua fomu akaanza kuijaza mwenyewe. Jina, Odete Nangonga. Jinsia, mwanamke. Mahali pa kuzaliwa. Akaandika "Nambalapi" bila hata kuuliza, maana nani asiyejua kwamba Bibi Odete ni wa Nambalapi? Akamsogezea kidau cha wino abonyeze kidole gumba.

"Umeandika nini hapo?" akauliza Bibi Odete.

"Nambalapi, bibi."

"Futa. Mimi nimezaliwa ng'ambo."

Ng'ambo maana yake ng'ambo ya mto, Msumbiji. Alivushwa na mama yake wakati wa vita, akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Alikumbuka kitu kimoja tu cha siku ile, kwamba aliambiwa asikohoe. Alikulia Nambalapi, akafundwa Nambalapi, akazaa na kuzika Nambalapi. Na siku alipopelekwa unyagoni, mama yake alisimama mbele ya wanawake akasema kwa sauti: huyu nimemzaa ng'ambo. Waliosikia maneno hayo walikuwa wameshatangulia wote. Bibi Odete alibaki peke yake duniani anayejua.

Idrisa aliinuka akafunga mlango. Akamwambia kwa upole, "Bibi yangu, nani atabisha? Sema hapa tu. Ukisema ng'ambo, faili linahama meza. Linakwenda kwa watu wengine, na huko sina mkono. Na wale thelathini na mmoja je?"

Hapo ndipo mzigo ulipokuwa, wasikilizaji wapendwa. Ili aendelee kuwasemea watu ukweli, ilimpasa aseme uongo mmoja. Mmoja tu, mdogo, usio na wa kuupinga.

Idrisa anasema alimwona akihesabu vidole.

"Mwanangu," akasema, "wale mia moja themanini na watano, wengi umewaandika kwa mdomo wangu. Mdomo huu huu. Nikikudanganya leo, wao watakuwa na nini mkononi?"

"Watakuwa na vyeti, bibi."

"Watakuwa na makaratasi. Futa."

Idrisa akafuta. Akaandika ng'ambo. Faili likahama meza.

Likahama kweli. Mwaka wa kwanza aliambiwa alete barua, akaleta. Mwaka wa pili aliambiwa barua imeshapitwa na wakati, alete nyingine. Wa tatu ofisa aliyekuwa na faili alikuwa amehamishwa, na faili halijulikani liko kabati gani. Sitaki kumlaumu mtu hapa. Kila aliyekuwa dirishani alikuwa na foleni yake. Lakini nachoka, wasikilizaji. Nachoka kwa niaba yake.

"Alikuwa akirudi anavua ndala, anakaa kizingitini," Francisca aliniambia. "Nikimuuliza, mama, wamesemaje? Anasema, wamesema shikamoo."

Na wale thelathini na mmoja? Hapo alituacha hoi. Siku moja mwaka jana alitoa sanduku uani, akatandika vitambaa vyote juu ya mkeka, akaita, "Wee Francisca, hebu njoo. Siku mtu anatajwa na mama yake, nilisikia peke yangu?"

"Hapana, mama. Tulisikia wote tuliokuwepo."

"Na wewe una namba?"

"Ninayo."

"Basi mjinga ni mimi."

Kuanzia siku hiyo, kwa magoti yale yale, alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa akimchukua mwenye namba wa pindo fulani, anamkutanisha na asiye na namba wa pindo hilo hilo. "Huyu ulichezwa naye unyago. Ulimsikia mama yake. Nenda kamsemee." Na pindo lenyewe akawaachia. Sanduku likaanza kupungua. Kitambaa kwa kitambaa, likapungua. Wanawake wa Nambalapi wakaenda mjini wawili wawili, na Idrisa akawapokea jozi kwa jozi. Kati ya wale thelathini na mmoja, thelathini wamepata vyeti.

Thelathini. Amebaki mmoja.

Anaitwa Mwanahamisi binti Rajabu. Mwaka wake ulikuwa wa njaa, akaletwa binti mmoja tu, yeye. Pindo lake ni la kijani, lina fundo moja. Hana aliyechezwa naye. Mama yake amekufa. Wanawake waliokuwepo uani siku ile, wengine wametangulia, wengine wamehama; Francisca alikuwa bado mdogo, hakuwepo. Aliyekuwa amebaki wa kumsemea ni Bibi Odete, na Bibi Odete hakuwa na namba.

Jana nilimuuliza Mwanahamisi kama alimlaumu. Alikuwa anapepeta mchele wa msibani, hakuacha kupepeta.

"Nilimlaumu, kwa nini nikufiche?" akasema. "Neno moja tu lingeniokoa. Nilimnunia mwezi mzima. Akawa anakuja kila jioni anakaa mlangoni kwangu. Siku moja akasema, Mwanahamisi, nimekukosea na sitaweza kufanya vingine. Tukalia wote wawili. Nikaingia ndani nikamletea uji."

Bibi Odete aliugua wiki mbili. Jumanne asubuhi aliomba maji, akanywa, akamwambia Francisca asiache mlango wa kuku wazi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Maziko yalijaa. Wanawake walikuja na mapindo yao wameyafumbata viganjani. Asia mtendaji alilia kama mtoto wa nyumba ile, na kwa kweli alishakuwa mtoto wa nyumba ile.

Jana hiyo hiyo, Idrisa alifika Nambalapi na fomu ya kifo, ili Francisca asisumbuke kwenda mjini. Walikaa kwenye mkeka. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Jina la marehemu. Jinsia. Akafika mahali pa kuzaliwa, kalamu ikasimama. Akamwangalia Francisca. Mlango haukuhitaji kufungwa safari hii. Ni fomu ya marehemu tu, na mtu aliyekufa hafuatiliwi.

"Dada, niandike wapi?"

Francisca alifuta macho kwa upindo wa khanga yake.

"Andika ng'ambo," akasema. "Bibi yangu mzaa mama alisema mbele ya watu."

Akaandika. Na hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali iliyokamilika kwa jina la Odete Nangonga.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studioni nampa pole Francisca, nawapa pole wana Nambalapi wote, na nduguze waliobaki upande wa pili wa mto kama matangazo yetu yanawafikia. Mungu amlaze pema. Nanyi mlioko nyumbani, kama mna mzee ndani, zimeni redio baada ya hapa mkamuulize. Ulizaliwa wapi, na nani alisikia. Msingoje mpaka muulizane kwenye mkeka.

Kabla sijaondoka, nina tangazo, na nimeomba ruhusa ya kulisoma. Yeyote aliyekuwepo Nambalapi, uani kwa Bibi Odete, mwaka tisini na moja, siku Mwanahamisi binti Rajabu alipotajwa na mama yake mzazi, na ambaye ana namba ya kitambulisho, anaombwa afike. Awe Ufukoni, awe Mnazi Bay, awe popote alikohamia. Pindo ni la kijani, fundo ni moja. Afike kwa Asia, mtendaji wa kijiji, siku yoyote ya kazi. Na akiambiwa aje kesho, tafadhali, aje kesho.